Nilikataa ukuu wa shule, nikaomba ufunguo wa maabara

Kwa sisi walimu wa sekondari Tanzania, ngazi ya kupanda inajulikana. Unaanza darasani, unakuwa mwalimu wa taaluma, makamu, mkuu wa shule, na bahati ikikuangukia unahamia ofisi za halmashauri. Anayebaki na chaki mpaka mvi zinaota huonewa huruma. Kwa hiyo nilipodokezwa kwamba jina langu limependekezwa nipewe shule, kaka yangu alianza kuniita "Mheshimiwa" hata barua haijatoka.

Ninafundisha fizikia shule ya kata wilayani Korogwe, na kazi ya mkuu wangu nimeiona kwa karibu. Mwaka 2021, yale madarasa ya fedha za Uviko yalipokuwa yanajengwa, alfajiri alikuwa anahesabu mifuko ya saruji, saa nne anabishana na fundi kuhusu nondo, mchana yuko kikaoni halmashauri, jioni anajaza taarifa. Ni mwalimu hodari wa hisabati yule, lakini darasani alikuwa haonekani tena. Simlaumu, shule bila mtu wa namna ile haiendi. Ila siku zake sikuzitamani hata kidogo.

Kilichoninyima usingizi ni hela. Nikakaa na mume wangu, slipu ya mshahara mezani, tukapiga hesabu. Mshahara wa mwalimu unapanda kwa daraja: mwenye shahada anaanzia TGTS D (TGTS ni ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali), akipandishwa anakwenda E, kisha F na kuendelea, na hayo yanapitia Tume ya Utumishi wa Walimu hata kama huna ofisi wala muhuri. Ambacho ningekikosa ni posho ya madaraka, shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa Korogwe hiyo si hela ya kuchezea. Tukakubaliana kupaua nyumba kusubiri.

Sikutaka kukataa hivi hivi, mtu akadhani naogopa kazi. Nikaenda ofisini.

"Shikamoo Mkuu. Ile nafasi naomba apewe mwingine. Mimi nina ombi langu, naomba ufunguo wa maabara."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Marahaba. Yaani wenzako wanagombea shule, Mwalimu, wewe unagombea stoo?"

Na kweli ilikuwa stoo. Ni katika zile maabara zilizojengwa baada ya agizo la Rais Kikwete, ambaye alitaka kila sekondari ya kata iwe nazo ifikapo mwisho wa 2014. Jengo lilikuwepo, ndani kulikuwa na madawati mabovu na magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Tuliyahamisha wenyewe.

Vifaa vingi hatuna, lakini uzi na nati ya baiskeli vinatosha kuanzia. Funga nati kwenye uzi wa mita moja, ivute kidogo pembeni, iachie, uhesabu ikienda na kurudi mara 20. Jibu linakuja karibu sekunde 40. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa anapata 38 kila akirudia, na ukikokotoa kwa 38, mchapuko wa mvutano wa dunia unatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Nilinyamaza. Akarudia akihesabu kwa sauti, kisha akajishika kichwa: "Madam, naanza na moja wakati naiachia! Inatakiwa sifuri!" Hakuna aliyemwambia.

Siku hizi nina daftari langu. Naandika nani ameandaa jaribio bila mimi kugusa chochote, na wasichana wangapi wamebaki na fizikia walipofika kidato cha tatu, pale wanaporuhusiwa kuiacha. Hilo ndilo ninalolikagua kila muhula ukiisha.

Mkuu wetu wa sasa ni kijana aliyefanya mazoezi ya kufundisha kwenye darasa langu. Asubuhi ananiamkia, mchana anakuja kuniuliza kwa nini sijajaza PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mara ya kwanza iliniuma, siwezi kudanganya. Siku hizi tunaelewana, na juzi nilimpelekea orodha ya nyaya na betri za majaribio ya umeme. Ameniambia nisubiri fedha za robo ijayo.