Kangaruu na Nishati Iliyofichwa Kwenye Kano

Mbwa, farasi na binadamu wote hutumia oksijeni nyingi zaidi kadiri wanavyozidisha mbio. Kangaruu mwekundu wa Australia hafuati kanuni hiyo, na kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya wanyama.

Mwaka 1973, watafiti Terence Dawson na C. Richard Taylor walichapisha vipimo vya kangaruu wekundu waliofunzwa kwenda juu ya mashine ya kukimbilia. Katika mwendo wa polepole, hadi kilomita 6 hivi kwa saa, matumizi ya oksijeni yalipanda kwa kasi. Wanyama hao walipoanza kuruka kwa miguu miwili, matumizi yalikoma kupanda, yakabaki karibu palepale hadi kilomita 22 hivi kwa saa.

Siri kubwa iko kwenye kano, yaani nyuzi imara zinazounganisha misuli na mifupa: zile ndefu za nyuma ya mguu, hasa ile ya kisigino. Mguu unapotua, uzito wa mwili huivuta kano hiyo ikatanuka kama mpira wa manati, na inapojirudi humrusha mnyama mbele, ikirejesha zaidi ya asilimia 90 ya nishati iliyowekwa ndani yake. Misuli ya shavu la mguu haina haja ya kujikunja na kujinyoosha sana. Kazi yake kubwa ni kuishikilia kano. Akitaka kuongeza mwendo, kangaruu haongezi sana idadi ya miruko kwa dakika, bali huurefusha kila mruko. Hata pumzi huenda sambamba na miguu, pumzi moja kwa kila mruko.

Unafuu huo una gharama yake. Kangaruu anapojongea polepole akila majani, hulazimika kuutumia mkia kama mguu wa tano, na utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mkia huo humsukuma mbele kwa nguvu sawa na ya miguu ya mbele na ya nyuma ikijumlishwa. Ni mwendo ghali mno. Vilevile warukaji wadogo hawapati faida hiyo, kwa kuwa kano zao ni nene mno kwa uzito wao na hazitanuki vya kutosha. Kwa hiyo nasita ninaposikia kamendegere wetu, ambaye ni mgugunaji mdogo anayeruka kwa miguu ya nyuma, akitajwa kuwa kangaruu wa Afrika: kufanana kwa umbo si ushahidi wa kubana nishati.

Linalonigusa zaidi linamhusu mama. Mwaka 1998, watafiti Russell Baudinette na Andrew Biewener walieleza kwamba walabi (jamaa mdogo wa kangaruu) jike wa aina ya tammar anaweza kuruka akiwa na mtoto mfukoni, mzigo unaofikia asilimia 15 ya uzito wake, bila kutumia oksijeni zaidi, kwa sababu uzito huo huzidi kuitanua kano, nayo hurejesha nishati zaidi anaporuka.