Shimonada, jukwaa moja linalotazama bahari

Kutoka Matsuyama, mji mkuu wa mkoa wa Ehime katika kisiwa cha Shikoku nchini Japani, treni ya dizeli yenye behewa moja huchukua takriban saa moja kufika Shimonada, stesheni ndogo isiyo na karani wa tiketi, isiyo na mlinzi wala geti la kukagua abiria. Nilishuka kwa mlango wa mbele, nikatumbukiza tiketi yangu katika sanduku lililo ubavuni mwa dereva, naye akaiangalia, akainamisha kichwa, akaondoa treni.

Nilibaki na reli moja, jukwaa moja, benchi chini ya kipaa chembamba, na bahari ya ndani ya Seto imetanda mbele yangu. Stesheni ilipofunguliwa mwaka 1935, maji yalifika karibu kabisa na jukwaa. Barabara namba 378, inayopita chini yake leo, ilijengwa baadaye. Mwaka 1986 ilifunguliwa njia fupi ya bara kupitia Uchiko, treni za mwendo wa kasi zikahamia huko, na pwani ikaachiwa treni za kawaida zinazosimama kila kituo. Naamini kuhama huko ndiko kulikoihifadhia Shimonada utulivu wake, ingawa kwa wakazi wanaotegemea reli, kusubiri treni kwa saa nzima na zaidi si jambo dogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 picha ya jukwaa hili ilitumika katika mabango ya Seishun 18, tiketi ya bei nafuu ya kusafiria treni za kawaida nchini humo, na tangu hapo wageni hawajakoma. Wengi huja kwa gari, hupiga picha, huondoka kabla treni haijafika. Jambo hilo liliniuma, kwa kuwa stesheni hii inaishi kwa nauli za abiria, nami namsihi kila anayeipenda aifikie kwa treni.

Treni yangu ya kurudi iliingia jua likigusa maji. Nilipanda kwa mlango wa nyuma na kuchomoa katika mashine kipande cha karatasi chenye namba ya kituo, kwani namba hiyo ndiyo inayomwonyesha abiria, kwenye ubao ulio juu ya dereva, nauli anayodaiwa. Niliikunja karatasi hiyo kiganjani, nikakaa upande wa bahari.