Kitabu kimenipitishia kituo

Jana nilipaswa kushuka Manzese, nikashtukia niko Ubungo. Kisa? Nimesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja bombani, mwingine umeshika Lessons in Chemistry, riwaya ya Bonnie Garmus ya 2022.

Elizabeth Zott ni mkemia, Marekani ya miaka ya 1950. Wenzake wanamdhani katibu muhtasari. Utafiti wake bosi anauchapisha kwa jina lake mwenyewe, na alipopata mimba bila ndoa akafukuzwa. Basi dada akaligeuza jiko lake kuwa maabara! Baadaye anafundisha mapishi kwenye runinga, chumvi anaiita sodiamu kloridi. Kuna na mbwa anayejua mamia ya maneno, hapo mwandishi kanizidi kidogo.

Mie ni mtu wa maabara. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mgeni alinikuta na koti jeupe, pipeti mkononi, akauliza: "Samahani dada, mtaalamu yuko wapi?" Nikamwambia asubiri. Nikamaliza sampuli, nikavua glavu, nikanawa, nikarudi mezani: "Karibu kaka, mtaalamu ndiye mimi." Akacheka peke yake.

Zimebaki kurasa arobaini. Msinisimulie mwisho, tafadhali.