Newgrange, Kaburi Linalopokea Jua la Desemba

Kwetu Tanga jua halina ugeni: linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, Januari hadi Disemba. Ayalandi ni habari nyingine. Basi letu lilitoka Dublin saa moja na nusu asubuhi, katikati ya Desemba, na bado lilikuwa giza totoro. Taa za barabarani zinawaka, abiria wamejikunyata ndani ya makoti. Msimu huo mchana wao wote ni saa saba na nusu tu. Aliyezaliwa karibu na ikweta anahitaji kuionja asubuhi kama hiyo ndipo aelewe kwa nini watu wa kale wa huku walilihangaikia jua kiasi kile.

Unakwenda kaskazini hadi Drogheda, mji ulio kando ya mto Boyne, kisha unatafuta usafiri hadi kituo cha wageni karibu na kijiji cha Donore. Unavuka mto kwa daraja la miguu, basi dogo linakupandisha kilimani. Njiani ni mashamba na ukungu.

Newgrange ilijengwa takriban mwaka 3200 KK, karne kadhaa kabla ya piramidi kuu ya Giza. Waliojenga walikuwa wakulima wasiojua chuma wala shaba. Ni kilima cha mawe na udongo chenye upana wa mita 85 hivi, kimezungushiwa mawe makubwa 97 yaliyolazwa ubavu kwa ubavu. Ukuta mweupe wa kwatzi, mawe magumu yanayong'aa, unaoonekana kwenye picha zote ulisimamishwa upya katika karne ya 20, na wako wanaakiolojia wasiokubali kwamba zamani ulisimama wima vile. Nami nikiutazama naona wana hoja; umenyooka mno. Lakini mawe yenyewe ni ya kale, na yalitoka mbali, milima ya Wicklow huko kusini ya Dublin. Mbele ya mlango limelazwa jiwe lililochongwa mistari inayojikunja na kujikunjua toka ncha hadi ncha. Mikono iliyolichonga haikuwa na haraka.

Tukaingia wachache wachache. Ujia una mita 19 na ni mwembamba. Mahali pengine unapita kiubavu, umeinamisha kichwa, huku mawe yakikugusa mabega. Mwishoni unafika kwenye chumba chenye vidaka vitatu, na juu yako dari la mawe yaliyosogezwa ndani safu kwa safu hadi yakakutana, mita 6 juu ya sakafu. Miaka zaidi ya 5,000 ya mvua ya Ayalandi, na chumba kikavu.

Kiongozi wetu, dada mmoja aliyeongea polepole, alituuliza kama tumehisi kwamba tulikuwa tukipanda. Wengi hatukuhisi. Kumbe sakafu ya chumba iko juu ya ile ya mlangoni kwa kama mita 2, kwa hiyo mwanga unaoingia mlangoni hauwezi kukifikia chumba. Ndiyo maana juu ya mlango kuna tundu lingine, kama kidirisha cha mawe, na sakafu ya chumba iko usawa wake. Tundu hilo halipitishi mtu wala haliegemezi kitu. Lilizibwa kwa mabonge ya kwatzi, na michubuko iliyokutwa inaonyesha kwamba yalikuwa yakivutwa na kurudishwa.

Kisha akazima taa. Katika giza lile akawasha taa moja ya kuigiza jua, na mstari mwembamba wa mwanga ukatambaa sakafuni hadi miguuni petu. Wanaoliona jua lenyewe ndani ya chumba, asubuhi za karibu na tarehe 21 Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote huku, huchaguliwa kwa bahati nasibu. Jua huingia kama saa tatu kasoro dakika mbili, hukaa dakika 17, kisha hutoka.

Mwanaakiolojia Michael O'Kelly, aliyechimba hapa kuanzia mwaka 1962, alikuwa amesikia wenyeji wakisema kwamba jua huingia kaburini. Alidhani wanachanganya na Stonehenge, lile duara la mawe ya kale la Uingereza linalohusishwa na jua. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba 1967 alikwenda kukaa ndani peke yake, akaliona kwa macho yake. Nawaheshimu sana wenyeji wale.

Je, si bahati tu kwamba jua linafika chumbani? Mwaka 1989 mtaalamu wa falaki Tom Ray alichapisha mahesabu yake. Leo mwanga huingia kama dakika 4 baada ya jua kuchomoza, kwa sababu mwinamo wa dunia umebadilika kidogo. Wakati wa ujenzi ungeingia jua linapochomoza tu. Kwangu mimi hesabu hiyo, pamoja na tundu lile, vinatosha.

Si kila kinachosemwa bonde hili kina uzito huo. Kule Knowth, kilima jirani chenye mawe mengi mno ya michoro, wapo wanaoliita jiwe moja ramani ya mwezi, na wapo wanaosema njia zake mbili zililengwa kwenye siku za mlingano wa mchana na usiku. Sikushawishika. Michoro ya duara na vitone unaweza kuisoma upendavyo, na njia zile hazilengi sawasawa.

Dowth ndiyo iliyonikaa moyoni. Ni kilima cha tatu, watu wachache hufika, na juu yake kuna shimo kubwa lililoachwa na wachimbaji wa mwaka 1847. Ujia wake mmoja hupokea jua linalozama katika miezi ya baridi, ingawa wageni hawaruhusiwi kuingia. Kaburi moja hupewa jua asubuhi na jirani yake jioni, msimu uleule. Mwaka 2023 serikali ilinunua shamba kubwa la jirani, Dowth Hall, ili bonde liwe na hifadhi ya taifa. Natamani sehemu ya fedha za hifadhi hiyo ipelekwe kuchunguza Dowth kwa makini uleule uliotumika Newgrange, kabla mvua haijaendelea kulimomonyoa lile shimo.