Namna nilivyoinusuru stoo ya majalada Chake Chake

Mzee mmoja alikuja masjala yetu, Chake Chake, kutafuta barua yake ya kwanza ya ajira ili akamilishe madai ya kiinua mgongo. Jalada nililipata, lakini kurasa zilikuwa zimegandana na kutu ya pini imeila karatasi pale pale penye tarehe. "Sasa mwanangu, miaka yangu itahesabiwa kwa kitu gani?" Nilimwomba anipe wiki moja. Usiku ule sikulala.

Siku zote tulikuwa tukililaumu paa, na paa halikuvuja. Nilipougusa ukuta nyuma ya maboksi, chokaa mbichi ilibaki kiganjani. Unyevu ulikuwa ukipanda kutoka chini, na maboksi yetu yamekaa sakafuni, yameegemea ukuta.

Sikungoja bajeti. Seremala alitutengenezea chaga za kimo cha sentimita 15, tukaziweka mbali na ukuta kiasi cha mtu kupenyeza mkono, hewa ipite na njia ya mchwa ionekane mapema. Rafu iliyokuwa chini ya bomba la maji tuliihamisha. Hata Marekani, kanuni za maghala ya kumbukumbu za serikali hazitaki mabomba yapite humo bila kinga, isipokuwa ya kuzimia moto na ya kutolea maji ya mvua ya paani.

Majalada yaliyoota ukungu tuliyatenga. Hatukuyaanika juani, maana jua hufifisha wino na kuikakamaza karatasi. Tuliyakausha kivulini kwa feni, kisha tukavaa barakoa na kuyafuta kwa brashi laini. Pini zote zilitolewa. Mwenzangu alitaka yaliyooza yachomwe moto, nilikataa katakata. Kumbukumbu ya serikali haiteketezwi bila idhini ya Nyaraka, taasisi inayotunza kumbukumbu za serikali.

Kosa langu kubwa lilikuwa madirisha. Kila asubuhi niliyafungua nikidhani naingiza hewa safi, kumbe wakati wa masika naingiza maji. Kipimo cha unyevu hewani kilisoma asilimia 82, na ukungu hushamiri unyevu ukizidi asilimia 65. Sasa nafungua siku kavu tu.

Tulipokuwa tukihamisha rafu ya juu ndipo ilipotoka leja ya mishahara, kavu kabisa. Nilimwita mzee. Akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akalifikia jina lake, na mwezi aliolipwa mara ya kwanza.