Njia ya Waliohama: kutoka Malindi hadi Langoni

Basi la Lamu huondoka Malindi asubuhi mapema, na kabla halijafika daraja la Sabaki unakuwa umeshasikia lugha nne. Nyuma yangu kina mama wawili walizungumza Kigiriama. Mbele, mzee mmoja aliyekuwa akirudi Faza alilalamikia nauli kwa Kibajuni, kijana wa Kiorma alikuwa kwenye simu tangu kituoni, na utingo akitaniana na dereva kwa Kiswahili cha Mombasa. Nilitaka kwenda Lamu kwa barabara, tena nishuke Witu, kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Tunaposimulia namna Wazungu walivyoutwaa mwambao wetu, tunasimulia kana kwamba walikuta miji ya watu waliotulia tangu enzi. Sivyo. Walikuta watu waliokuwa njiani, na wengi wao hawakuianza safari kwa hiari.

Malindi yenyewe ni shahidi. Tunapenda kumwonyesha mgeni mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwaka 1498, lakini mji uliompokea ulikufa. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mfalme wa Malindi alihamia Mombasa pamoja nao, na baadaye magofu yakamezwa na pori. Malindi tunayoishi leo ilianzishwa upya miaka ya mwanzo ya 1860, chini ya Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, kwa askari na watumwa walioletwa kufyeka na kulima. Mtama na ufuta ulistawi hata majahazi yakawa yanapakia nafaka kupeleka Uarabuni. Waliolima walikuwa Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengine waliotekwa kusini wakauzwa kama mbuzi. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa Malindi bado tunalinong'ona, na vitukuu vyao ndio sisi.

Daraja la Sabaki hulivuka kwa muda mfupi tu. Wagiriama waliovuka mto huu kwenda kaskazini, miaka ya mwisho ya karne ya 19, walifuata ardhi mpya yenye rutuba. Kisha mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, wenye mashamba wakakosa mikono, na serikali ya Mwingereza ikawakodolea macho Wagiriama. Iliwataka vijana wao wakafanye kazi ya kuajiriwa, ikawataka walipe kodi ya nyumba, mwishowe ikaamuru walio kaskazini ya mto warudi kusini. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani, alikuwa ameshawalisha watu kiapo mwaka 1913. Wakamkamata wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwao. Agosti 1914 askari waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Miaka michache baadaye wakaruhusiwa kurudi ng'ambo. Nilimuuliza mmoja wa wale kina mama kama kwao alikuwa amesikia habari za vita hivyo. "Bibi alikuwa akisema walivuka na kuku tu," alinijibu. "Mahindi waliyaacha shambani."

Garsen tulisimama kwa ukaguzi, tukanunua mahamri, tukaendelea. Barabara sasa ni lami, na tambarare ya Mto Tana iko kijani pande zote.

Nilishuka Witu saa za adhuhuri. Mtu asiyejua atauona mji mdogo wa barabarani, wenye maembe na korosho, bodaboda na msikiti. Mimi naiona Witu kuwa mahali muhimu kuliko ngome zote za mwambao. Hapa ndipo Ahmed Fumoluti, Mnabahani, yaani wa ukoo uliotawala kisiwa cha Pate, aliyejulikana kwa jina la Simba, alipojificha msituni miaka ya 1860 akimkimbia Sultani wa Unguja. Na nyuma yake wakaja watoro. Mtumwa aliyechoka na shamba la Lamu, la Mkunumbi au la Malindi alijua kwamba akiweza kuupenya msitu akafika kwa Simba hatarudishwa. Atapewa pahali pa kulima, naye atashika bunduki siku ya vita. Waliishi pamoja na watu wa Pate waliofukuzwa kwao, na pembeni mwao walikuwapo Wapokomo na Waboni. Simba sisemi alikuwa mkombozi. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na watu wake walikuwa wakivamia vijiji vya jirani. Hata hivyo, ndani ya msitu ule walikutana watu ambao mjini wasingekaa mkeka mmoja, wakafanya mji.

Chini ya mwembe, karibu na stendi, nilimkuta mzee akipanga maembe mafungu mafungu juu ya gunia. Alikuwa akiligeuza kila embe, lenye doa analiweka upande wa chini, kisha anasita, analitoa kabisa na kulitia kwenye ndoo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si wa hapa."

Nikamwambia natoka Malindi, nauliza habari za watu wa zamani. Akacheka kidogo, akanisogezea kigoda. Alisema mama wa babu yake alikuja kwa miguu kutoka shamba la Mkunumbi, usiku, mtoto mgongoni, na kwamba alimfunga yule mtoto kitambaa mdomoni asilie. "Kwao hasa wapi, hakuna aliyejua. Alikuwa na chale hapa," akaonyesha mashavuni, "lakini alikataa kusema. Alisema kwao ni Witu." Nilinunua fungu moja, nikalila palepale, nikishindwa kumtoa mwanamke yule akilini.

Wajerumani waliingilia mlango huu. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walinunua ardhi kwa Simba, na Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Simba alikuwa akitafuta ngao dhidi ya Unguja, akadhani ameipata. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani waliikabidhi kwa Waingereza katika mapatano yaliyowapa kisiwa cha Heligoland, wala wenye Witu hawakuulizwa. Simba alikuwa ameshafariki, na Fumo Bakari ndiye mtawala. Septemba mwaka huohuo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu. Oktoba manowari za Admirali Fremantle wa Uingereza zilishusha wanajeshi, wakapanda hadi mjini wakauteketeza. Watu wakatawanyika tena. Waliokwisha kukimbia mara moja walikimbia mara ya pili, ila safari hii waliowafukuza walikuwa walewale waliojisifu duniani kwa kupiga vita utumwa. Hilo linanichoma kila ninapolifikiria. Usultani uliobaki uliendelea chini ya ulinzi wa Mwingereza hadi 1923.

Jioni nilipata gari la kunifikisha Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, nikavaa jaketi la kuokolea, nikavuka.

Lamu watu wengi huitazama Mkomani, mtaa wa waungwana: nyumba za mawe, milango ya nakshi, vidaka. Ni kuzuri, sibishi. Katika barabara kuu ya ndani, wanayoiita Usita wa Mui, niliingia jengo la posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi tangu 1888 hadi 1891, nikatoka upesi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Langoni, upande wa kusini. Huko ndiko walikokaa walioitwa wageni: Wangazija, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, watumwa walioachwa huru, na Washihiri kutoka Hadhramaut, waliokuja mikono mitupu, wakabeba maji, wakafungua viduka walivyolala humohumo. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti.

Habib Saleh bin Alawi Jamalullayl alikuja katika mazingira hayo. Alizaliwa Ngazija, ukoo wake ukiwa na asili ya Hadhramaut, akaja Lamu kijana, na kufikia miaka ya 1880 alikuwa amefanya makazi. Alisomesha kila aliyekuja: mtumwa, mgema, mtoto wa Mshihiri. Wakubwa wa Mkomani hawakufurahi, kwa sababu elimu ya dini ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya muungwana na asiye muungwana. Akahamia Langoni kwenye mchanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti wa Riyadha ukasimama. Jina lake linafuata lile la kituo cha mwanazuoni Habib Ali al-Habshi huko Seiwun, Hadhramaut, na maulidi aliyoitunga Habib Ali yakawa yanasomwa Lamu kwa matari na sauti za watu wote.

Nilikuwapo usiku wa Ijumaa. Kabla ya kusoma, kijana mmoja alikaa nje na jiko la makaa, akilizungusha tari juu ya moto kidogo kidogo, kila mara akiligonga kwa kidole na kulisogeza sikioni, mpaka ngozi ikakaza ikatoa mlio autakao. Mwalimu aliyenikaribisha barazani alimwangalia, akasema, "Zamani wakubwa waliliona hili halifai msikitini. Ngoma ilikuwa ya watumwa." Sasa Mfungo Sita watu huja kutoka Ngazija, Tanga na Uganda kuyahudhuria maulidi haya.

Naamini tarehe zina maana hapa. Sheria ya 1907 ilimwachia mtu uhuru lakini haikumpa heshima wala shamba. Riyadha ilimpa msahafu, mwalimu, na safu ya mbele kama mtu yeyote. Waingereza walifuta hali ya utumwa kwa karatasi. Aliyeifuta mtaani kwa miaka mingi, hadi alipofariki 1935, ni mhamiaji kutoka Ngazija akizungukwa na wahamiaji wenzake.

Wenye nyumba za mawe nao wakawa wahamaji. Mashamba yao ya bara, Hindi na Mkunumbi, yalikosa wa kuyalima, na reli iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ilizivuta biashara zote Mombasa. Nilimuuliza mwalimu wajukuu wa Mkomani wako wapi. Akanitajia koo tatu, na kwa kila ukoo mtaa wa Mombasa, Kibokoni na Kuze, pamoja na jamaa wa kumuulizia nikifika. Nimeyaandika yote. Mwezi ujao, Mungu akijaalia, nakwenda Mombasa kuwatafuta.