Turubai, Mvua na Shemeji: Kuzunguka Rasi ya Olympic

Sauti iliyoniamsha Kalaloch haikuwa ya bahari. Bahari ilikuwa inanguruma tangu tulipofika, pale chini ya ukingo wa kambi, na masikio yalishaizoea. Hii ilikuwa sauti ya chuma: kri, kri, kimya, halafu kri tena. Saa kumi alfajiri, mvua inapiga paa la trela yetu ya kulala, na nje kuna kitu kinalia kama mlango wa ghala la zamani. Nikamgusa mke wangu. "Lala, baba watoto," akasema, "ni upepo." Nikalala. Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza nilikuwa nimelifanya jioni, kweupe, watu wananitazama.

Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tunaishi Tacoma, jimbo la Washington, na kila nikipiga simu nyumbani nilikuwa nawasimulia habari za msitu wa mvua ulioko upande wa pili wa milima. Shemeji alikuwa haamini. Msitu wa mvua nchi ya baridi? Basi mwisho wa Septemba tukafunga trela nyuma ya pikapu, tukaenda kuizunguka Rasi yote ya Olympic kwa Barabara ya 101, safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi kurudi nyumbani.

Trela yenyewe ni ya mtumba, futi 19. Tuliinunua fupi makusudi, kwani nafasi nyingi za kupigia kambi kwenye Hifadhi ya Taifa ya Olympic hazipokei zaidi ya futi 21. Ubavuni ina turubai. Sisemi lile la kufunikia magunia kwenye lori. Hili limeviringwa kwenye bomba refu juu ya mlango. Ukilivuta kwa utepe linakunjuka, mikono miwili ya alumini inalishikilia, na ghafla una kibaraza: pa kuweka meza, viti na jiko la gesi. Mke wangu alikubali kununua trela kwa sababu ya hicho kibaraza. Vitanda wala hakuvitazama mara mbili.

Siku ya kwanza haina mengi. Olympia, Aberdeen, chai ya chupa njiani, kisha Ziwa Quinault, ambako kuna mti wa sprusi ya Sitka wenye kimo cha mita 58 na kibao kinachodai kuwa hakuna wa aina yake mkubwa zaidi duniani. Shemeji aliuzunguka, akaupigapiga kama anayechagua mbao, akasema, "Huu unatoa majahazi mangapi?" Jioni tukawa Kalaloch, ufukweni mwa Pasifiki. Mawingu yalikuwa mazito lakini hapakuwa na tone. Nikalikunjua turubai, nikalipima kwa macho, nikalinyoosha sawasawa kama meza. Nilijisifu hasa kwa ule unyoofu.

Asubuhi nilipofungua mlango, turubai lilikuwa na mimba. Sina neno jingine. Lilining'inia katikati, tumbo kubwa la duara, maji yanaonekana kama kivuli cheusi ndani yake, na ule mkono wa kulia umepinda kwa nje kama goti la mzee.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningeipiga jana yake. Turubai letu ni mita 4 na nusu hivi kwa mita 2 na kidogo, tuseme mita 10 za mraba. Kila milimita moja ya mvua inayotua hapo ni lita 10, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mvua ya milimita 15, ambayo huko ni ya usiku mmoja tu, ni kilo 150. Na hapo hujahesabu maji ya paa la trela, ambayo nayo yanateremkia hapo hapo. Likiwa limeinama, maji hayo yanapita zake. Likiwa bapa, kitambaa kinabonyea kidogo, maji kidogo yanakaa, yale yaliyokaa yanakibonyeza zaidi, na shimo linazidi kuita wenzake. Mikono ile imetengenezwa kubeba kitambaa, haikutengenezwa kubeba wanaume wawili walionona.

"Shemeji, niachie mimi," akasema shemeji, ameshashika ufagio. Nikamwambia subiri. Lakini mtu wa Chumbageni, Tanga, ukimwambia subiri unakuwa umemwambia haraka. Akaingia chini ya tumbo, akalisukuma juu katikati kwa mpini wa ufagio. Maji yote yakakimbilia upande mmoja kwa mpigo, yakamwangukia yeye, meza, na mkate wetu wa asubuhi. Uzito ulipohama, mkono wa kulia ukapiga kelele mara ya mwisho na mshono wa pembeni ukaachia, kiasi cha kiganja. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Shemeji alisimama pale, fulana imemgandamana, akisema tu, "Baridi. Shemeji, haya maji ni ya baridi."

Mzee wa trela ya jirani alikuja na kikombe cha kahawa mkononi. Hakucheka, nikamheshimu kwa hilo. Alitazama mkono uliopinda, akatazama ukutani pale mkono uliposhikwa kwa skrubu, akaniita. Skrubu mbili zilikuwa zimevutika nje. Ndizo zilizokuwa zikilia usiku. Akanieleza kuwa turubai lililochanika ni hasara ndogo, lakini matundu yale yakiachwa wazi, mvua inaingia ndani ya ukuta, na ndani ya ukuta wa trela kama yangu kuna fremu ya mbao. Mbao ikishaoza huioni, mpaka siku ukuta unapokuwa laini kama keki.

Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nacho mwaka mzima bila kukijua. Kila mkono una kishikio chenye meno. Ukikibana, mkono unashuka hatua kwa hatua. Akashusha kona moja ya mbele, ile ya mbali na mlango. Kipimo alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, ncha ya vidole hadi kiwiko. Kwetu hiyo ni dhiraa moja. Maji yaliyobaki yakateleza yote mpaka kwenye ile kona, yakamwagika chini mstari mmoja kama bomba. Hata ufagio haukuhitajika.

Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka kitu, na nilichokumbuka kilinitia aibu. Mimi ni mtoto wa Pangani. Mjomba wangu alikuwa nahodha, na nimekua nikikunja tanga. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekwambia kwamba nguo iliyowambwa haitakiwi kuwa bapa mbele ya upepo wala mbele ya maji, kwamba kuna upande wa goshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea, na kwamba unaachia upande wa demani ili kile kinachokuja kipate pa kutokea. Mjomba alikuwa hakunji tanga bichi. Tukirudi na mvua, linatwekwa tena ufukweni, linaachwa lipigwe na jua mpaka likauke, ndipo linafungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga. Kitambaa chenyewe alikiita marekani, jina lililobaki tangu wafanyabiashara wa huko walipokuwa wakikileta Unguja karne ya 19. Nimekuja mpaka kwenye nchi yenyewe ya marekani nikasahau namna ya kukitunza.

Tulisimama mji wa Forks kutafuta skrubu nene zaidi, silikoni ya kuzibia matundu, na utepe wa gundi wa kuunganishia turubai. Skrubu na silikoni nilitia siku hiyo hiyo, ukuta nikiukausha kwa taulo huku shemeji amenishikia mwavuli. Utepe ukagoma. Hauwezi kushika kitambaa chenye unyevu, na upande ule wa milima hapakuwa na kitu kikavu hata kimoja, soksi zetu zikiwemo. Mshono ukabaki wazi, tukageuza gari kuelekea Hoh.

Hoh ndiko shemeji alikoamini. Bonde lile hupata kama milimita 3,500 za mvua kwa mwaka; Tanga yetu, ambayo hatuiiti kavu, hupata kama 1,300. Mawingu yanatoka Pasifiki yamejaa, yanakutana na Mlima Olympus wa mita 2,432, yanapanda, yanapoa, yanamwaga. Matawi ya miti ya maple yamevaa kuvumwani inayoning'inia kama ndevu. Miti iliyoanguka imekuwa kitalu, miche imejipanga mgongoni mwake kama abiria. Jioni elki, aina ya kulungu, walipita ng'ambo ya mto, wakubwa kama ng'ombe, bila haraka. Hao ndio walioufanya mlima ule ulindwe tangu 1909, na wanaitwa kwa jina la Roosevelt, rais aliyetia saini.

Kambini Hoh hakuna umeme wa kuchomeka. Wenye trela mpya za turubai la kubonyeza kitufe wanalikunja kwa betri, na mengine yana springi inayolegea yenyewe upande mmoja maji yakizidi. Ni jambo jema, ila niliona mmoja akiamka usiku na tochi kama sisi. Letu la mkono halikuwa na hila yoyote. Kona ikashushwa dhiraa moja, ile mikono ya alumini tukaitoa ukutani tukaisimamisha ardhini kwa vigingi, na chini ya kona tukaweka ndoo. Ndoo ile ilijaa mara nne kabla ya kulala. Mke wangu aliosha vyombo vyote kwa maji ya mvua na kusema ndiyo safari ya kwanza hajasikia mtu akibishana kuhusu zamu ya kuchota.

Kamba za kuvutia vigingi zilitusumbua. Za nailoni zikilowa zinarefuka. Unazikaza jioni, usiku zimelegea na kitambaa kimeanza tena kutengeneza kitumbo. Shemeji akaenda kwenye begi lake akatoa kamba ya katani aliyofungia zawadi kutoka nyumbani. Katani ikilowa hujikaza. Tukaifunga upande wa demani, na hiyo haikulegea.

Saa tano usiku upepo ulianza kuingia bondeni. Hapo hakukuwa na mjadala. Mvua unaweza kuielekeza, lakini upepo ukiingia chini ya turubai unalinyanyua na kulitupa juu ya paa, mikono na vyote. Tukatoka na majaketi juu ya nguo za kulalia, tukalikunja likiwa bichi, limejaa majani ya sprusi yaliyonasa kama sindano. Nilijua maana yake. Turubai letu ni la plastiki ya vinaili: maji hayapiti, lakini uchafu na unyevu vikifungiwa pamoja ndani ya bomba, kwa siku chache tu joto likirudi linatoa madoa meusi ya kuvu. Kwa hiyo tangu usiku ule safari ilikuwa na saa yake. Ziwa Crescent, maji ya buluu ambayo watu huvuka bahari kuja kuyaona, nililipita kwa dakika ishirini za picha. Mke wangu bado hajanisamehe.

Tulikuwa tunakimbilia Sequim. Mji huo uko upande wa nyuma wa milima ile ile, na mawingu yanapofika huko yameshamaliza mzigo wao: milimita 400 hivi kwa mwaka. Wakulima wake walianza kuchimba mifereji ya umwagiliaji tangu miaka ya 1890, wakati majirani zao wa Hoh wanaogelea. Tulifika saa saba mchana, jua limewaka, nikalikunjua turubai lote. Tuliliosha kwa sabuni laini na brashi ya manyoya, juu na chini, tukasuuza, tukaliacha. Kwa saa tatu hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ndipo nikabandika utepe kwenye ule mshono, ndani na nje, nikiusugua kwa mgongo wa kijiko. Ukashika.

Mke wangu akatoa viti. Pilau ikapikwa, ya kwanza ya safari, na shemeji akalala chini ya kibaraza na kanga ya dada yake usoni. Kona nilikuwa nimeipandisha sawa, jua lilikuwa linatosha.

Kisha likaanguka tone. Likafuata la pili, la tatu, ta-ta-ta juu ya turubai. Shemeji aliruka kabla sijasimama, kanga shingoni, ameshabana kishikio cha mkono wa kulia, anapiga kelele, "Demani, shemeji! Shusha demani!" Mimi nimeshika ndoo, mwanangu ameshika kamba, mke wangu amekumbatia sufuria ya pilau. Juu hapakuwa na wingu. Ng'ambo ya ua, bomba la kumwagilia majani lilikuwa linazunguka polepole, likirudi tena upande wetu.